Ekstano (diski ya nje ya kuhifadhia) imedondoka inalia tik tik, ndani kuna harusi nne za watu, wataalamu naombeni msaada

PichaRangiTatu

Wakuu habari za usiku. Nimechanganyikiwa hapa hata sijui nianzie wapi.

Mimi ni mpiga picha wa mtaani tu huku Mbagala, harusi, sendofu, kicheni pati, ubarikio, hata msibani nikiitwa naenda. Ijumaa usiku naediti kazi umeme ukakatika, mtaa mzima giza, nikanyanyuka kupapasa simu niwashe tochi, mguu ukanasa kwenye waya wa ekstano ikaja nayo mpaka chini. Sakafu ya simenti, siyo zulia. Ni ya TB 2, niliinunua Kariakoo mwaka juzi, mtumba lakini haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Tangu hapo nikiichomeka taa inawaka, inaunguruma kama kawaida, halafu tik, tik, tik, inatulia, laptopu inaganda dakika mbili tatu ndo inaniletea ule ujumbe kwamba ili uitumie diski hii lazima uifomati. Sijafomati. Ila dogo mmoja hapa jirani akaniambia nirani chkdsk, nikaiacha usiku kucha, asubuhi naikuta asilimia 11, nikachomoa.

Ndani kuna harusi nne sijakabidhi na advansi zote nimeshakula. Kadi za kamera ninazo mbili tu, kwa hiyo nikishamwaga mzigo kwenye ekstano nazifomati naenda nazo kazi inayofuata. Bakapu sina. Msinitukane, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha. Mama mzazi wa bibi harusi mmoja ananipigia asubuhi na jioni kama dozi.

Chaupele

Pole mkuu. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni weka kwenye friza masaa manne halafu ichomeke fasta ukopi vitu kabla haijapata joto. Bro wangu alifanya hivyo ikakubali.

FundiWaAggrey

Mtoa uzi chomoa hiyo kitu. Hata mstari wa pili usisome, chomoa kwanza.

Chaupele mdogo wangu, achilia mbali kwamba mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, hiyo friza ilikuwa dawa ya diski za kizamani ambazo sahani zilikuwa zinang'ang'ania hazizunguki, na hata huko ilikuwa bahati nasibu. Hii ya kwake inazunguka. Halafu kwa Dar hii, toa chupa ya maji kwenye friza weka mezani hesabu mpaka thelathini uone inavyotoka jasho. Jasho hilohilo ndo litakaa juu ya sahani, maana hadidiski, hizi diski za sahani, nyingi zina kitundu cha kupumulia, hazijazibwa kama watu wanavyodhani.

Sasa mtoa uzi ngoja nikueleze kilichopo humo ndani ili ujue kwa nini nakukaripia. Kuna sahani zinazunguka, ekstano nyingi ndogo ni mara 5400 kwa dakika, na juu yake kuna hedi, kile kichwa cha kusoma, inaelea kwa umbali wa nanomita chache. Chembe ya moshi wa sigara kwa hiyo hedi ni kama jiwe barabarani. Ikidondoka ikiwa inafanya kazi, hedi inaweza kuwa imegusa sahani au imepinda kidogo, na ile tik tik ni mkono wa hedi unakwenda kutafuta alama zake unazikosa unarudi mwanzo, unakwenda tena. Kila ukiwasha unampa nafasi nyingine ya kukwangua. Watu wanaleta diski hapa kibaoni kwangu haikuuliwa na kudondoka, imeuliwa na wiki mbili za "ngoja nijaribu tena labda leo itakubali".

Na chkdsk siyo programu ya kurikava. Ile kazi yake ni kuuweka sawa mfumo wa mafaili, ikikuta kitu haielewi inakata, na inaandika juu ya mgonjwa huyohuyo. Dogo wa jirani mwambie nimemsalimia.

Nijibu mambo matatu bila kuichomeka zaidi ya mara moja: ukibadilisha waya ukatumia mwingine mfupi na tundu jingine la USB, tik tik inabaki? Kwenye Disk Management inaonyesha ukubwa gani? Na ule mlio ni wa kila wakati au mwanzoni tu?

MamaWawili_Tegeta

Samahani kuingilia uzi wa watu ila na mimi nina la kwangu. Nilinunua flashi ya TB 2 kwa elfu ishirini na tano pale mtaani, kijana akaniambia dada hii ni ofa ya mwisho, nikahamishia picha zote za watoto toka wako tumboni mpaka juzi, nikafuta kwenye simu ili nipate nafasi. Zilikaa vizuri nikaziona. Jana nafungua, chache za mwanzo zinafunguka nyingine zote majina yapo ila picha hamna, kijivu tupu. Ni virusi?

FundiWaAggrey

Dada yangu hapana siyo virusi, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hiyo flashi ndani ina labda GB 16 au 32, wamechezea ile programu yake ya ndani ijitangaze ni TB 2. Kompyuta inaamini. Ikijaa ile GB ya kweli, vinavyofuata vinaandikwa juu ya vile vya zamani au vinatupwa hewani, lakini majina yanaendelea kuandikwa kama kawaida ndo maana unaona mafaili yapo. Yale ya kijivu hayarudi kutoka kwenye flashi, nisikudanganye.

ILA, ulifuta kwenye simu lini? Kama ni ndani ya mwezi nenda kwenye galari angalia folda ya vilivyofutwa, simu nyingi zinakaa navyo siku 30. Na kama Google Photos ilikuwa imewashwa na intaneti ikiwa na bando, zinaweza kuwa zimepanda huko zenyewe hata hujui. Angalia leo, siyo kesho.

Na siku nyingine ukinunua flashi au kadi, kabla hujaiamini, irani H2testw kwenye Windows, bure kabisa. Inajaza flashi yote mpaka juu halafu inaisoma tena, ikiwa feki inakwambia hapohapo GB ngapi ni za kweli. Inachukua muda. Muuzaji akikwambia hana muda wa kusubiri umeshapata jibu.

MamaWawili_Tegeta

Kuna folda ya vilivyofutwa 😭😭 zimebaki siku 4. Nimezipata karibu zote. Mungu akubariki baba.

PichaRangiTatu

Fundi nimefanya ulivyosema. Waya nimebadilisha, tik tik imepungua, sasa inalia mara mbili tatu mwanzoni halafu inakaa kimya. Disk Management inaonyesha 1.81 TB ila pembeni imeandika RAW. Ina maana GB zingine zimekufa?

FundiWaAggrey

Hahaha hapana, zote zipo. RAW maana yake Windows haiuelewi mfumo wa mafaili tu. Kiwandani wanahesabu TB moja ni baiti trilioni moja kamili, Windows inagawanya kwa 1024 juu ya 1024, kwa hiyo kila TB 2 duniani inasomeka 1.81. Hujaibiwa.

Na hiyo ni habari nzuri. Diski ikiweza kujitaja jina lake na ukubwa wake sahihi, bodi nzima na hedi angalau bado inasoma. Ingekuwa inaonyesha sifuri au haionekani kabisa na mlio hauachi ningekwambia usiguse, hiyo inakwenda kwa watu wenye chumba kisafi wanaobadilisha hedi, na bei yake ukilinganisha na advansi zako za harusi nne utalia. Na mtu yeyote atakayekwambia aifungue juu ya meza ya kawaida aone shida nini, beba diski yako uondoke. Nimeshaona fundi kafungua diski na bisibisi feni ya dari inazunguka, vumbi la Msimbazi lote linashuka mle ndani, mteja kakaa anatazama ameridhika kwamba anahudumiwa.

Sasa sikiliza hapa ndo penyewe. Hatutafuti picha kwenye hiyo diski. Tunachukua nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, vizima na vibovu, tunaimwaga kwenye diski nyingine nzima, halafu mgonjwa tunampumzisha kabatini na kazi yote ya kuchimba tunaifanya kwenye nakala. Ukiharibu nakala unarudia. Ukiharibu mgonjwa imekula kwako.

Kifaa ni ddrescue, kipo Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, bure. Tengeneza flashi ya Ubuntu, ambayo ni Linux, washa laptopu kwa hiyo flashi, unganisha intaneti uinstoli ddrescue. Uzuri wake inakwenda kwanza kwenye sehemu zinazosomeka kirahisi, ikikwama inaruka inaendelea mbele, mwisho ndo inarudi kung'ang'ana na yale mabovu. Programu za kawaida za kukopi zinafanya kinyume, zinakuta sekta moja mbovu zinaganda hapo zinaigonga mpaka hedi inakufa ikiwa na asilimia 95 ambayo ilikuwa nzima.

Unahitaji diski ya TB 4, mpya, siyo mtumba. TB 2 za nakala na nafasi inayobaki ya kuweka utakachochimba. Usiifomati kwa FAT32 maana ile haibebi faili moja linalozidi GB 4. Amri ni hii:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /media/mpya/nakala.img /media/mpya/ramani.map

Lakini hiyo sdb usiinakili kama kasuku! Andika kwanza lsblk uone mgonjwa ni ipi na mpya ni ipi kwenye mashine YAKO. Ukikosea, unachukua nakala ya diski siyo, harusi nne zinabaki kwa mgonjwa.

Chaupele

TB 4 mpya si karibu laki nne hiyo?? Fundi unamtafutia mtu umaskini.

PichaRangiTatu

Chaupele niache, bora laki nne kuliko yule mama. Nimekopa kwenye kikoba cha mke wangu. Nanunua kesho.

Mzee_Upanga

Vijana hamjambo. Nimesoma kwa makini maana jambo hili limenigusa. Mimi nimestaafu, kazini tulikuwa tunahifadhi nyaraka kwenye flopi, ile ya MB 1.44, nyaraka ya kurasa mia mbili inaenea na nafasi inabaki. Nimezitunza ndani ya kopo la biskuti kavu kabisa, zote ziko safi kwa macho, lakini mashine ya kuzisoma sina na sikumbuki mara ya mwisho kuiona dukani. Sony wenyewe waliacha kuzitengeneza mwaka 2011.

Baadaye tukahamia CD. Mwaka 2004 binti yangu alipata kipaimara nikalipa mtu akanichomea CD mbili, akaniambia mzee hii ni ya maisha. Wiki hii nimezijaribu pamoja na nyingine zote za nyumbani, jumla 37. Zimefunguka 22. Ya kipaimara moja imekataa kabisa na moja inasoma nusu ya kwanza. Nilizitunza sana upande wa kung'aa nisiukwaruze, sasa sielewi nimekosea wapi.

FundiWaAggrey

Shikamoo mzee. Hujakosea peke yako, karibu watu wote wanatunza upande usiohitaji kutunzwa. Kwenye CD data haipo upande wa kung'aa, ule ni plastiki nene tu ambayo hata ikikwaruzika kidogo inaweza kung'arishwa. Data iko juu, upande wa lebo, chini ya rangi tu ya juujuu. Ukiandika na kalamu ya ncha kali au ukibandika stika halafu ukaibandua, umeng'oa na data. DVD ni tofauti, yenyewe data iko katikati ya plastiki mbili kama sandwichi.

Halafu hizo za kuchoma nyumbani siyo sawa na za dukani zenye muziki. Ya dukani imegongwa kiwandani, vishimo vya kweli. Ya kuchoma ni dawa ya rangi ambayo leza inaiunguza, na dawa hiyo jua na joto na unyevu vinaila taratibu. Kaa nazo Upanga hapo karibu na bahari miaka ishirini, 22 kati ya 37 mbona umepata nyingi mzee.

Ile inayosoma nusu ijaribu kwenye kompyuta nyingine tofauti tofauti, kila draivu ya CD ina jicho lake, nimeona moja inakataa ya pembeni inasoma. Na ddrescue hiyohiyo inafanya kazi kwenye CD, hata unaweza kuanza kwenye mashine moja ukamalizia kwenye nyingine kwa ramani ileile.

Mzee_Upanga

Marahaba mwanangu. Nitampa mjukuu ajaribu.

Kebo_ya_Bahari

Nawasoma tu humu mnavyoteseka na vyuma. Mwaka huu wa ngapi huu, watu bado mnatembea na harusi za watu mfukoni kwenye daladala? Pandisheni klaudi mlale. Mimi nakaa na seva za kampuni hapa Posta.

FundiWaAggrey

Kebo ndugu yangu wewe unatumia intaneti ya ofisi. Mpiga picha wa Mbagala ana GB 500 za video. Spidi ya kupandisha ikiwa megabiti 5 kwa sekunde, nimepiga hesabu, ni siku tisa na robo bila kukatika hata sekunde. Bila kukatika! Kwa bando la nani? Ile ya bure ya Google ni GB 15 tu na tangu Juni 2021 hata picha zinahesabiwa humohumo, kabla ya hapo zilizobanwa zilikuwa bure. Na tarehe 12 Mei 2024 ulikuwa wapi, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini? Nchi nzima tulikuwa tunaangaliana.

Kebo_ya_Bahari

Nyaya zikikatika data haijapotea, umeshindwa kuifikia siku mbili tatu tu. Diski ya mtoa mada ikifa imekufa. Hapo umenipa pointi mwenyewe.

Ila nakubali kitu kimoja. Klaudi nayo inakula watu kimyakimya. Akaunti ya Google usiyoigusa miaka miwili wanaweza kuifuta na walianza Desemba 2023. Kuna watu wamefungua akaunti ya kuhifadhia picha za marehemu wazazi, wakasahau nywila, basi.

Na siyo diski mbili ndo usalama. Kuna ofisi moja nilikuta wana mashine ya diski mbili zinazoakisiana, wanatamba kwamba wana bakapu, mhasibu akafuta folda ya mwaka mzima kwa bahati mbaya na diski ya pili ikafuta papo hapo kwa utiifu mkubwa. Ile inakukinga diski moja ikifa, haikukingi na mkono wako. Hata kampuni ya GitLab tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta hifadhidata kwenye seva siyo, ya GB 300, alivyoshtuka imebaki 4.5. Wakaenda kwenye bakapu zao, njia tano zimewekwa na hakuna iliyokuwa inafanya kazi inavyotakiwa, moja ilikuwa inafeli siku nyingi kimya kimya. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua masaa sita kabla kwa shughuli zake nyingine kabisa. Tangu niisome ile habari kila mwisho wa mwezi naokota faili moja lolote kwenye bakapu nalirudisha nalifungua. Bosi anaona napoteza muda.

mwanachuo_wa_mwisho

Mimi naomba kuuliza, ripoti yangu ya fildi na disetesheni yote imebadilika, kila faili limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni halifunguki na kuna noti inadai dola mia nne na tisini. Nilikuwa nimedauniloadi programu ya takwimu iliyokrakiwa. Bakapu nilikuwa nayo kwenye flashi ila flashi ilikuwa imechomekwa muda wote, nayo imekwenda.

Kebo_ya_Bahari

Pole dogo, hiyo inafanana sana na STOP, kirusi cha kufunga mafaili na kudai hela, wengine wanaiita Djvu, chakula chake ni watu wa kraki. Usilipe. Kwanza toa mashine kwenye intaneti, safisha kirusi, mafaili yaliyofungwa usiyafute. Emsisoft, kampuni ya kupambana na virusi, walitoa kifungulio cha bure 2019, kinafungua kama mashine yako ilifungwa wakati haikuwa imeunganishwa na seva ya wahalifu, kwa sababu hapo kirusi kinatumia ufunguo mmoja wa watu wengi. Ikiwa ilitumia ufunguo wa mtandaoni wa kwako peke yako, kwa aina mpya haikubali.

Ila kabla ya yote: msimamizi wako ulikuwa unamtumia sura kwa imeili? Nenda kwenye zilizotumwa. Wanachuo kumi walionijia na shida hii, saba disetesheni ilikuwa kwenye imeili ya msimamizi.

mwanachuo_wa_mwisho

Sura ya 1 mpaka 4 zipo aisee!! Ya tano nilikuwa sijamtumia kwa sababu namwogopa.

Chaupele

😂😂😂

Mimi naona suluhisho la yote haya ni SSD. Haina sahani haina hedi, idondoshe unavyotaka.

FundiWaAggrey

Kwa kudondoka uko sahihi, leo umenifurahisha. Lakini SSD ya ndani ya laptopu ukifuta kitu, Windows inaiambia hapohapo sehemu hii haitumiki, tangu Windows 7 iko hivyo, na yenyewe inasafisha kwa muda wake. Hadidiski ya zamani ukifuta leo nakurudishia baada ya wiki, SSD ukifuta asubuhi mchana nakupa pole.

Na usiiweke kabatini ukaisahau. Inashika data kwa chaji ya umeme, chaji inavuja. Kiwango cha JEDEC, wale wanaopanga viwango vya chipu, kinataka SSD ya mtu wa kawaida ikishachoka kabisa kwa kuandikwa iweze kushika data mwaka mmoja bila umeme kwenye digrii 30. Mpya inashika zaidi ya hapo sana, lakini joto linafupisha. Chumba cha bati Mbagala saa nane mchana mwezi wa pili ni digrii ngapi?

Kwa mpiga picha mimi nasema hivi: ekstano mbili za kawaida, moja nyumbani moja kwa shemeji Kigamboni, na kadi ya kamera hufomati mpaka uwe umezifungua picha kutoka sehemu zote mbili. Kuona jina la faili siyo kuifungua, muulize dada wa Tegeta.

PichaRangiTatu

MREJESHO wakuu.

Nimenunua TB 4, nikaipima kwanza kama fundi alivyosema kwa dada, siku nzima. Halafu ddrescue. Siku nne! Mgonjwa nimemweka juu ya tofali feni inampulizia, mke wangu anapita anasema umekuwa muuguzi. Umeme umekatika mara mbili katikati nikadhani nimekwisha, nikarudia amri ileile na ramani ileile ikaanzia ilipoishia. Mwisho imeandika 98.7%.

Nikarani TestDisk, programu ya kurudisha mafaili na folda zake, kwenye nakala. Harusi moja na kicheni pati moja zimetoka na folda zake na majina yake. Nyingine jedwali la orodha ya mafaili limevurugika, nadhani ni ile chkdsk, nikaingia PhotoRec. Imechimba picha kama elfu kumi na moja, zote zinaitwa f na namba ndefu mbele, kwenye mafolda ya mia tano mia tano. Picha zipo, jina hakuna, mpangilio hakuna.

FundiWaAggrey

Safi sana. PhotoRec haiangalii majina, inatambua faili kwa alama yake ya mwanzo, ndo maana inapata hata jedwali likifa. Zipange kwa tarehe ya kupigwa, JPEG inabeba tarehe ndani yake.

PichaRangiTatu

Fundi hapo ndo kwenye aibu. Kamera yangu ukitoa betri tarehe inarudi 01/01/2015 na sijawahi kuhangaika kuiseti. Kwa mujibu wa kamera nimepiga harusi zote siku moja.

MamaWawili_Tegeta

Panga kwa sare! Kila harusi si ina rangi yake ya vitenge.

PichaRangiTatu

Dada umeniokoa, ndo nilichofanya. Mimi na mke wangu usiku mbili, chungwa na kijani huku, bluu ya bahari huku, waridi huku. Picha nimepata kama zote. Video mbili zilikataa kufunguka, mp4 yake ilikuwa imekosa kile kipande cha mwisho chenye ramani ya video, nikatumia untrunc nikaipa video nzima ya kamera hiyohiyo kama mfano, moja imefunguka yote, ya pili inakata kwenye keki. Nimeshamwambia mwenye harusi ukweli, tumeelewana nimpunguzie. Yule mama wa dozi zake ziko kamili, kesho napeleka.

Sasa kuna kitu kingine. Zimebaki picha kama mia sita za harusi ambayo SIYO yangu. Sare zambarau na fedha, ukumbi siujui, MC kavaa suti ya njano, bibi harusi simjui hata kwa sura. Nimemwonyesha mke wangu kaniangalia vibaya. Na siyo harusi tu, kuna na skani za vitambulisho, mkataba wa kupanga nyumba, vyeti vya mtu.

FundiWaAggrey

Uliinunua mtumba si ulisema? Aliyekuuzia aliifomati tu. Fomati ya haraka inafuta orodha, vitu vyenyewe vinabaki mpaka siku utakayoandika juu yake, na wewe hukuwahi kuijaza. Hizo usiziweke humu wala popote. Kama muuzaji unamkumbuka mrudishie mwenyewe, humkumbuki zifute.

Chaupele

Subirini kwanza wakuu. Mimi mwezi uliopita nimeuza laptopu yangu pale Makumbusho. Hadidiski ya kawaida. Nilifomati lakini.

FundiWaAggrey

Ilichukua muda gani kumaliza?

Chaupele

Sekunde kama tano hivi.